Macho ya Herufi

"Tuanze upya," alisema Inspekta. "Na safari hii usinizungushe."

Msichana aliyekaa mbele yake alikuwa na wino wa bluu kwenye kucha, ule wino usiotoka hata kwa mafuta ya taa. Kule kwenye duka la uchapaji walimwita Kalamu, kwa sababu kila kilichochapwa pale alikichora yeye kwanza. Ndiye aliyetengeneza lebo ya dawa ya kunyunyizia mboga, lebo iliyowaambia watu wavune baada ya siku 3 wakati dawa yenyewe inataka siku 30. Familia moja iliamini lebo. Ikavuna, ikapika, ikala. Bibi wa nyumba ile alikuwa ameshazikwa, na wajukuu wake walikuwa bado wodini.

Kesho asubuhi Kalamu angefikishwa mahakamani kwa kosa la kusababisha kifo. Jalada lilikuwa mikononi mwa Inspekta, na ushahidi wote umenyooka. Hilo ndilo lililomuudhi. Ushahidi ulionyooka mno ulimtia wasiwasi, kama muuzaji anayekubali bei ya kwanza.

"Nimeshasema, afande," alisema Kalamu. "Faili lilipofika kwangu liliandikwa tatu. Sifuri haikuwepo."

"Meneja wa kiwanda cha dawa anasema alileta thelathini. Tena faili lake analo. Bosi wako anasema herufi huwa zinaharibika mkihamisha mchoro kutoka programu yao kuja yenu. Na wewe mwenyewe jana ulikubali kwamba zinaharibika."

"Zinaharibika, ndiyo. Hazipotei."

"Kuna tofauti gani?"

Kalamu aliomba karatasi. Inspekta alimtazama kidogo, akampa, na kalamu akampa pia. Msichana akachora herufi moja kubwa: a.

"Kwao herufi hii ni mistari miwili. Wa nje unaozunguka, na wa ndani, hili tundu. Sisi tunaliita jicho. Programu yao ya zamani inajua kwamba mstari wa ndani ni tundu. Ukileta kwenye yetu, yetu haijui. Inaona vipande viwili, inavipaka rangi vyote. Jicho linaziba. Kila a, kila o, kila b, lebo nzima inakuwa pofu."

"Na tatu?"

"Tatu haina jicho, haina cha kuziba. Lakini sifuri ingekuwepo ingebaki kidoa cheusi hapo hapo. Kidoa hakitembei, afande."

Jibu lilikuwa zuri. Inspekta hakupenda majibu mazuri kutoka kwa watu waliolala rumande.

"Umepata muda mrefu wa kulitunga hilo."

"Humu ndani kuna kazi gani nyingine?"

Koplo, aliyekuwa ameegemea mlango, alikohoa ili asicheke. Inspekta alimkata jicho, akarudi kwa msichana.

"Hayo macho unayatibu vipi?"

"Wengine wanabandika doa jeupe juu ya herufi. Ukichapa kwenye lebo ya kijani, doa linaonekana, aibu tupu. Mimi naipasua." Alichora kamstari upande wa chini, kushoto kwa a. "Naikata hapa, mpasuko mwembamba kuliko unywele, halafu naunganisha mstari wa nje na wa ndani unakuwa mmoja. Kama bangili iliyokatwa. Tundu lipo, lakini bangili yenyewe ni waya mmoja tu. Hata uipeleke programu gani, haizibi tena. Kwenye karatasi huoni mpasuko. Lazima uukuze kwenye kompyuta."

"Nani alikufundisha?"

"Uvivu. Nilichoka kurudia kazi ileile kila wakibadilisha kitu."

"Nani mwingine anajua unafanya hivyo?"

Kalamu alifikiri. "Nani ana habari, afande? Baba anaangalia lebo ikitoka kwenye mashine. Ikiwa safi, ni safi."

Baba huyo alikuwa baba yake mdogo, mwenye duka la uchapaji, mtu ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mzee Wino. Alimlea Kalamu tangu kaka yake, baba mzazi wa msichana, alipofariki. Jana yake alikuja kituoni na mfuko wa nguo, akalia mpaka Koplo akamtafutia maji.

"Jana mlizungumza nini?" aliuliza Inspekta.

"Alinipa pole. Akasema nisibishane sana na nyinyi. Nikikubali kwamba ni bahati mbaya ya kompyuta, hakimu atanionea huruma."

"Na wewe ukamjibu?"

"Nikamwambia, baba, sifuri haikuwepo. Akaniuliza kama nina sabuni."

Inspekta aliikunja karatasi yenye a, akaitia mfukoni. Watu wanaomshauri ndugu yao akubali kosa asilolikiri alishakutana nao wengi. Wengi wao ni mama wa watuhumiwa, wamechanganyikiwa kwa hofu. Wachache huwa wana lao jambo.

*

Duka la uchapaji lilikuwa chumba kirefu, mashine mbili katikati, marundo ya karatasi kando ya kuta, na harufu ya wino na gundi iliyokamata koo tangu mlangoni. Mwisho wa chumba palikuwa na kijumba cha vioo: meza, kompyuta, kiti chenye mto wa kitambaa. Hapo ndipo Kalamu alipofanyia kazi.

Mzee Wino alikuwa akifuta roli la mashine, lile linalopaka wino. Mashine zote mbili zilikuwa zimezimwa, na roli lile tayari lilikuwa linang'aa.

"Karibu afande. Binti yangu anaendeleaje? Anakula?"

"Anakula. Kile chumba cha vioo, nani ana ufunguo?"

"Yeye Kalamu. Na mimi ninao mmoja, lakini wa kufagilia tu. Kompyuta mimi siijui, afande. Mimi ni mtu wa wino na mashine."

"Sijakuuliza kompyuta, mzee."

"Nasema tu."

Inspekta alitembea taratibu kando ya ukuta. Ukutani palikuwa na misumari, na kila msumari ulining'iniza sampuli za kazi zilizowahi kuchapwa: sabuni, mishumaa, maji ya chupa, unga wa kuokea. Kila sampuli ilikuwa na sahihi ya mteja kwenye kona, maana ndivyo walivyofanya kazi pale. Lebo haipandi kwenye mashine mpaka mteja aisome na kuisaini. Msumari mmoja katikati ulikuwa mtupu.

"Hapa palikaa nini?"

"Hiyo dawa ya mboga. Tumeitafuta sampuli yake kila mahali, haionekani."

"Za wengine zote zipo."

"Ndiyo hivyo, afande. Ajabu ya Mungu."

"Panya," alisema Koplo kwa upole. "Tena panya aliyesoma, anachagua cha kula."

Mzee Wino alicheka kicheko kikavu, akarudi kwenye roli lake.

Meneja wa kiwanda cha dawa alifika akiwa amenyoosha shati na kujipulizia manukato yaliyoshinda hata gundi. Inspekta ndiye aliyemwita, na alimtaka aje na faili lake la awali. Alikuja nalo kwenye flashi ndogo, ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba yai.

"Mheshimiwa, hili hapa. Hivi lilivyo ndivyo tulivyowakabidhi. Sisi hatuna la kuficha."

"Vizuri sana. Hebu niambie, kazi ikishatengenezwa hapa, nyinyi mnapewa faili la mwisho? Lile lililorekebishwa?"

"Hapana. Sisi tunapewa karatasi ya kusaini, kisha mzigo wa lebo. Faili la mwisho halitoki hapa dukani. Hata tukilitaka hatupewi, ndiyo sera yao." Meneja alimgeukia Mzee Wino. "Si ndiyo, mzee?"

"Halitoki," alisema Mzee Wino.

"Halijawahi kutoka?"

"Halijawahi."

Inspekta aliitikia kwa kichwa kana kwamba jambo hilo halina uzito. "Basi tulifungue hili hapa, kwenye kompyuta ya binti. Nataka kuiona sifuri inavyopotea. Koplo, kaa."

Koplo alikaa kwenye mto wa Kalamu, akawasha kompyuta. Kompyuta ikataka neno la siri. Kalamu alishampa Inspekta neno hilo asubuhi, na Inspekta hakuwa amemwambia Koplo. Alikuwa na sababu yake. Koplo akaandika kitu, kikakataliwa. Akaandika kingine, akipiga kibodi kama anatwanga. Kikakataliwa. Nyuma yake Mzee Wino alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Fundi hawezi kusimama kumtazama mtu akiharibu kifaa, hilo ni gonjwa la mafundi wote.

"Nijaribu tena," alisema Koplo.

"Usijaribu, itajifunga!" Mzee Wino aliinama juu ya bega la Koplo, akaandika neno lote kwa vidole viwili bila kutazama kibodi, akabonyeza. Kompyuta ikafunguka.

Feni ya ukutani iliendelea kuzunguka.

"Asante, mzee," alisema Inspekta. "Kwa mtu wa wino una vidole vyepesi."

"Kalamu... aliwahi kunionyesha. Zamani."

"Bila shaka. Koplo, weka flashi."

Faili lilifunguka polepole. Kwanza kijani cha lebo, halafu picha ya kabichi, halafu maandishi mstari kwa mstari. Chini kabisa, kwenye mstari wa onyo: *Usivune mboga kabla ya siku 30.* Tatu ilikuwa safi. Sifuri ilikuwa imeziba, yai jeusi lisilo na tundu.

Meneja alipumua kwa sauti. "Mheshimiwa, umeona? Thelathini. Tulileta thelathini."

"Naona. Mbona sifuri imeziba?"

"Si ndilo tatizo lenyewe! Herufi zinaharibika zikihamishwa. Yule binti aliona doa jeusi, akadhani uchafu, akalifuta. Tatu ikabaki peke yake. Mimi simlaumu sana, ni kijana. Lakini mtu amekufa."

Maelezo yale yalikaa vizuri kuliko yote aliyoyasikia tangu kesi ianze. Kidoa hakitembei, Kalamu alisema, lakini hakusema kwamba kidoa hakifutiki. Huenda msichana alikuwa anajua fika alichofuta, na ile bangili yake ilikuwa hadithi ya kumpumbaza askari. Ingekuwa hivyo, kazi imekwisha, na kesho ni mahakamani.

Alivuta kiti, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo cha kompyuta. Akasoma lebo nzima, neno kwa neno, kama mtoto anayeanza shule. Alipofika mwisho alirudi juu, akaisoma tena.

"Meneja."

"Naam, mheshimiwa."

"Ukihamisha faili lenu, macho ya herufi yanaziba. Tumekubaliana?"

"Kabisa. Hata mzee hapa ni shahidi."

"Yanaziba yote, au moja moja?"

Meneja alisita. "Yote. Nadhani yote."

"Nisomee neno hili."

"*Mboga.*"

"Hapa kuna macho mangapi?"

Meneja aliinama kutazama. Aliinama muda mrefu kuliko neno fupi lile lilivyohitaji.

"Yako wazi," alisema Inspekta. "B iko wazi, o iko wazi, a iko wazi. *Kabla*, wazi. Jina la kiwanda chako hapo juu, wazi. Lebo nzima inaona, isipokuwa sifuri moja. Huu ni ugonjwa gani unaompata mtu mmoja katika nyumba nzima?"

"Labda... programu yetu imeboreshwa. Siku hizi haizibi."

"Ingekuwa haizibi, sifuri nayo ingekuwa wazi. Na ingekuwa inaziba, a nazo zingekuwa zimeziba. Chagua moja, nitaliandika."

Inspekta alitoa mfukoni ile karatasi iliyokunjwa, akaitandaza mezani, kidole chake kikiwa kwenye kile kamstari cha chini kushoto.

"Koplo, kuza hiyo a. Kuza zaidi. Zaidi."

Herufi ilijaa kioo kizima, mguu wake ukawa mnene kama gogo. Na pale chini, upande wa kushoto, mpasuko. Mwembamba, umenyooka, umekatwa na mkono wenye subira. Koplo alihamia kwenye herufi nyingine, mpasuko. Nyingine, mpasuko. Alipofika kwenye sifuri ya siku 30 hakukuta kitu, ila mistari miwili mizima, mmoja ndani ya mwingine.

"Kalamu huzipasua hivi herufi zenu zikishafika hapa," alisema Inspekta. "Zikishafika, meneja. Baada ya kuhamishwa. Sasa faili lako la awali, lile ambalo mkono wa binti haujaligusa, limepata wapi makovu yake?"

"Sijui mambo ya kitaalamu, mimi ni..."

"Hili ni faili lake la mwisho. Mtu alilichukua hapa, mkalirudisha kwenye programu yenu, mkaongeza sifuri. Kwenu lilionekana zuri, kila jicho wazi, mkafurahi. Hamkujua kwamba sifuri yenu ndiyo pekee isiyopita kwenye mkono wake." Aligeuza kiti taratibu. "Na nyote wawili mmeniambia, bila kulazimishwa, kwamba faili hilo halitoki humu ndani."

Njia ya mwongo ni fupi, na meneja alikuwa amefika mwisho wake. Alifanya lile ambalo waoga wenye mashati mazuri hulifanya siku zote. Alinyoosha kidole.

"Mzee ndiye aliyenipa! Kwa mkono wake! Muulize!"

Mzee Wino alikuwa ameshakaa juu ya rundo la karatasi, kitambaa cha roli kimeshikwa mikono miwili. Alionekana amezeeka tangu walipoingia.

"Siku 3 ilitoka kwao," alisema. Sauti ilikuwa ya chini lakini haikutetemeka. "Kijana wa ofisini kwao alikosea kuandika, na huyu akasaini bila kusoma. Walipougua wale watu akaja hapa, akasema tukimwangusha anaondoa kazi zote za kiwanda. Zote, afande. Hizi mashine zinalisha nyumba yangu, ya dada yangu, na za hawa vijana wangu. Akasema nimpe faili tu, atajua la kufanya."

"Na sampuli yenye sahihi yake?"

"Niliichoma. Kwenye pipa, nyuma ya duka."

"Ukijua kwamba atakayebeba lawama ni Kalamu."

"Alisema atapewa onyo. Alisema ni msichana mdogo, kosa la kompyuta, nani atamfunga? Alisema atamlipia wakili."

"Ameshamleta huyo wakili?"

Mzee Wino alitikisa kichwa.

"Kosa ni kusababisha kifo, mzee. Ni miaka jela. Ulimuuliza mtu yeyote?"

"Sikuuliza." Alikipindapinda kile kitambaa. "Niliogopa kuuliza."

"Umemtoa kafara mtoto wa kaka yako, na bado ukampelekea sabuni."

Inspekta alisema hivyo kwa hasira, na hakuijutia. Alishakamata wezi, wauaji na matapeli wa kila aina bila kupandisha sauti, lakini mzee huyu aliyelia kituoni machozi ya kweli alimchefua. Koplo alimfunga meneja pingu, naye meneja alikuwa bado anaeleza kuhusu kijana wa ofisini.

"Afande," alisema Mzee Wino. "Nina ombi moja. Mwambie binti ni meneja. Usimwambie kwamba na mimi nimo. Nitakwenda jela, sikatai. Lakini asijue."

"Mimi simwambii kitu," alisema Inspekta. "Simama twende."

*

Kituoni Koplo alikwenda kumtoa Kalamu rumande. Alimwambia maneno machache tu, kwamba hatakwenda mahakamani kama mshtakiwa, achukue vitu vyake. Mengine alimwachia Inspekta, na Inspekta alikuwa ameinamia jalada kwenye dawati la mapokezi, akikata mstari juu ya jina moja na kuandika mawili.

Mzee Wino alikaa kwenye benchi la ukutani, koti lake la kazi likiwa mapajani, limeifunika mikono yake.

Kalamu alitokea kwenye korido na mfuko wake wa nguo. Alipomwona mzee aliusahau, akauacha uanguke sakafuni, akaja karibu anakimbia. Alipiga magoti mbele ya benchi.

"Shikamoo baba."

Mzee Wino alifungua mdomo. Neno lenyewe ni moja, kila mkubwa hulitoa hata akiwa nusu usingizini. Halikutoka.

"Nilijua hutaniacha humu," alisema Kalamu, machozi yakimtoka huku anacheka. "Nilikuwa nawaambia wenzangu kule ndani, mnamwona yule mzee, huyo hatalala mpaka nimetoka. Asante baba. Mungu akubariki."

"Mwanangu," alisema Mzee Wino, akakwama hapo.

"Baba? Unaumwa?"

Inspekta aliweka kalamu chini. Koplo aliangalia dirisha.

Kalamu aliingiza mkono chini ya koti, akautafuta mkono wa kulia wa baba yake mdogo ili amshike vizuri, akauvuta kwake. Na wa kushoto ukaja nao, umefungwa kwa pingu ileile.